Nafasi ya Lita Ishirini

Mwalimu Bukuru amerudi dukani kwangu, Mwanga,
na karatasi ya miraba ya daftari la hesabu.
Kachora mashua yake futi kwa futi:
hapa kitanda, hapa jiko la mafuta ya taa,
hapa tanga la akiba,
na hapa, kwa kalamu nyekundu,
alama ya kuuliza.

"Fundi, nataka friji."
Ya kuwekea nini?
Kuku, akasema, soda, siagi,
migebuka tutakayoivua wenyewe.
Akahesabu hadi vidole vikamwishia.
Nami nikamsikiliza kama mtu asikilizavyo redio
akijua taarifa yenyewe bado haijasomwa.

Tukaanza na barafu.
Bonge la Kibirizi, limeviringishwa gunia na maranda:
alfajiri lina pembe nane,
Ilagala limekuwa yai,
Sigunga linaogelea,
na kabla ya Buhingu umeshalichota kwa kikombe
ukalirudisha ziwani.

Nikamwonyesha ya gesi.
Haili betri, haina kelele,
ila hutaka kusimama wima kama askari wa gwaride,
na mashua ya tanga, Mwalimu, ni kiumbe cha kulala ubavu.
Ikilala nayo, friji huacha kazi bila kuaga.
Halafu gesi ikivuja haipandi, hushuka,
hukaa sakafuni chini ya mbao
ikingoja kiberiti cha chai.

Ikabaki kompresa, volti kumi na mbili,
paneli juu ya paa, betri chini ya ngazi.
Akauliza, ipi hutengeneza baridi zaidi?
Hakuna, nikamwambia.
Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii
sijapata kutengeneza baridi hata kijiko.
Mimi hutoa joto tu, nikalitupe nje,
nalo hurudi, kwa kila ufa, kama mdai.
Ndiyo maana nunua kwanza ukuta:
fomu inchi nne, pande zote sita.
Na mlango uwe juu.
Ubaridi ni mzito, fungua kwa mbele uone
unavyokumwagikia miguuni.

Muda wote huo Skolastika mkewe
kakaa juu ya friji bovu la mteja wa Gungu,
mkoba mapajani.
Akaufungua.
Akatoa kitambaa chenye unyevu, ndani yake mfuko,
ndani ya mfuko chupa mbili, ndogo kuliko kidole gumba.
"Fundi," akasema, "mimi sinywi soda."

Mwalimu akatazama bati za paa
kana kwamba kuna mwanafunzi kaandika kitu kule.
Sindano asubuhi, sindano jioni, mwaka wa tisa huu.
Alitaka orodha ianze na kuku
ili safari ifanane na safari.

Nikageuza karatasi, nikachora upya.
Isishuke chini ya mbili, isipande juu ya nane:
dawa hii ikiganda imekufa,
na maiti yake hung'aa vilevile kama uhai.
Kwa hiyo si friji la kugandisha, si kabati la mlango wa kioo.
Sanduku. Lita ishirini. Mfuniko juu.
Mbali na injini, chini ya kitanda cha mama,
upande usiopigwa na jua la mchana.
Na mtungi wa Ujiji wenye mchanga mbichi,
kwa siku ambayo betri itatuona wajinga.

"Na kuku?" akauliza Mwalimu, sauti imepungua.
Skolastika akafunga mkoba.
"Kuku apande akiwa hai."

Wiki ya tatu sasa sanduku liko chumbani kwangu.
Ndani nimeweka chupa mbili za maji ya kisima,
kipimajoto kati yake.
Usiku nalala macho wazi, nasikiliza.
Inaunguruma kidogo, inanyamaza.
Inaunguruma, inanyamaza.
Nahesabu dakika za ukimya.
Ndizo ninazowauzia.