Kilo Hamsini

Basi lipo. Linapita juu ya ukuta wa bwawa,
na kabla hujamaliza kumenya chungwa uko Migoli.
Lakini Lechipya, shemeji yangu, alitoa maksai wawili
akanunua mashua,
na mtu aliyetoa maksai hapandi basi.

Tanga nililishona mimi:
viroba kumi na vinne vya mbolea, mshono wa mara mbili,
KILO 50 imesimama kichwa chini juu ya vichwa vyetu.
Mizigo: cherehani ya mkono, karanga za wageni,
gauni la Nyemo, mtoto wa dada yangu,
lililobakiza mikono tu.
Arusi Alhamisi.

Jumatatu upepo ulilala.
Tulikaa bwawani kama nzi kwenye mlenda.
Tukapiga makasia hadi malengelenge,
saa saba tukarudi palepale Mtera,
mtoto wa muuza perege akatuuliza
tumevua nini.

Jumanne ukaamka, tena vibaya,
ukishuka milimani na mawimbi mafupi
yenye hasira za mtu mfupi.
Lechipya akasema twende. Nikasema nenda.
Hakwenda.
Tukala karanga za wageni, moja moja,
kisha si moja moja.

Jumatano ndiyo tulitoka kweli,
tanga limejaa kama shavu la mpuliza tarumbeta,
Lechipya anapiga mluzi, anajiita nahodha,
mpaka paa!
mgunga uliokufa kabla sijazaliwa,
kichwa chake shubiri moja chini ya maji,
ukatukamata ubavu kama mdai.
Tanga likachanika.
Si kwenye mshono wangu, naomba ieleweke.
Lilichanika kwenye sifuri.
Tukabaki na kilo tano.

Jua likazama. Lechipya anakomba maji kwa sufuria,
hapigi tena mluzi.
Mama alikuwa akisema bibi alilima uwele
humu humu, kabla maji hayajaambiwa yapande.
Nikauangalia ule mti,
nikafikiri labda alitundika kibuyu chake hapa.
Nikasema polepole: Mbukwenyi, bibi.
Tuachie, tuna arusi.
Akajibu kiboko, mbali kidogo,
si mbali sana.

Basi nikafungua cherehani.
Lechipya akashika tochi ya simu kwa meno.
Kiraka hatukuwa nacho,
ila satini nyeupe ya mikono ya gauni,
na ile satini niliiangalia kwa muda mrefu.
Nikaikata mviringo.
Nikazungusha mkono wa mashine katikati ya bwawa,
taka-taka-taka,
na hata vyura wakanyamaza kusikiliza
kichaa gani anashona saa hizi.

Alfajiri wimbi moja likatunyanyua, bila maelezo.
Tulifika watu wamekwisha kuvaa.
Dada yangu hakusalimia, alisema tu: Mikono?
Nikaonyesha kwa kidole, kule nyuma, ufukweni,
tanga likikauka,
sifuri yake nyeupe inameta kuliko arusi yenyewe.

Nyemo aliingia kanisani mabega wazi.
Akina mama wa kwaya walinong'ona ubeti mzima.
Yeye alikuwa anatabasamu,
vipele vya baridi vimemsimama mkononi,
kwa sababu upepo, sasa hatuuhitaji,
ulikuwa mzuri sana.

Kurudi nilipanda basi.