Maharage Hamsini na Matatu

Rozari yangu ilikatika Jumapili ya Matawi,
shanga zikatumbukia chini ya ghala la tumbaku
wanakolala panya. Sikuzifuata.
Nikahesabu maharage hamsini na matatu,
nikayatia kwenye bakuli la bati,
na leo, siku ya tisa ya novena, zamu imefika uani kwangu.

Wamekuja.
Candiru na wanawe wanne na kiti chake mwenyewe,
maana vya kwangu anavijua, vina miguu mitatu.
Mzee Anguyo na redio kwapani,
imezimwa, lakini kama mbwa anavyolala:
sikio moja juu.
Mama Furaha, aliyevuka mpaka pale Vurra na godoro kichwani,
anayeendelea kwa Kilingala Kiswahili kikimwishia.
Mshumaa hatuna. Drani ameegemeza simu kinuni,
tochi inamulika nusu ya uso wa Bikira.

Miezi kumi na sita kiti cha askofu kitupu.
Ezati wangu ameota ndevu akingoja kipaimara.
Roma ni mbali, asema Anguyo,
na barua za huko hupanda mlima kwa magoti.

Salamu Maria, harage moja.
Salamu Maria, la pili.
Mpaka tendo la tatu, pale pa kutaja nia,
Anguyo akakohoa:
"Tumwombe Mungu atupe mtu wa nyumbani.
Safari hii ni zamu yetu."

Zamu. Kama ya kisimani.

Candiru hakungoja Baba Yetu:
"Aliyepita hakuwa wa nyumbani?
Na barabara ya nyumbani, ilipitika?"
Mtu akacheka. Mtu akasema shh.
Simu ikateleza kinuni, giza likatusawazisha sote,
na gizani humo kitinda mimba wa Candiru
akatia Salamu tatu mdomoni.
Mama yake akamchokoa kwa kidole, akatoa mbili.
Ya tatu imekwenda.
"Basi iko mahali pema," Mama Furaha akasema,
tukaendelea.

Drani alipofikiwa, akafumba macho mpaka yakakunjana:
"Ee Bwana, awe na gari lisilo na vioo vyeusi."
Amina yetu iliwaamsha mbuzi.

Mimi sikutaja nia.
Nilikuwa namwaza marehemu, mwaka ule alipokuja kigangoni.
Tulipaka chokaa hata mawe ya njiani. Tulichinja wawili.
Akakaa dakika ishirini,
tukanung'unika mwezi mzima.
Sikumwambia mtu kwamba alipomwekea Ezati mkono kichwani
mkono ule ulitetemeka,
wala kwamba aliniomba maji kwa kunong'ona,
kama mtoto wa watu anayeogopa kusumbua,
na mimi nikaenda kutafuta glasi nzuri,
na niliporudi gari lilikuwa limeshageuka.

Sasa hivi, nikawaza, katika parokia fulani
yupo padre asiyejua lolote.
Anafua soksi kwenye beseni.
Moja haionekani, anaitafuta chini ya kitanda.
Enyasa yake imepoa mezani.
Na sisi huku, nyumba kwa nyumba, ng'ambo zote mbili za Enyau,
tunamfungia mzigo, Salamu kwa Salamu,
tunakaza kamba,
mgongo wake hatujauuliza.

Harage la mwisho likakaa kiganjani mpaka likapata joto.
Huyo, Mama, nikasema. Huyo wa soksi.
Awe wa kwetu, awe wa kwao,
umpatie mtu wa kumletea maji kwa kikombe chochote.

Walipoondoka, Anguyo aliwasha redio njiani.
Nikasikia bei ya ufuta, kisha matangazo ya vifo,
kisha kona ikaimeza.

Nimeloweka maharage hamsini na mawili.
Hayatoshi hata sahani moja; nimeongeza mengine
ambayo hayajasali.
Kesho ni siku ya kumi, na novena haina siku ya kumi,
lakini watoto wanakula.