Fundo kwenye Mkono wa Juu

Nilipoumenya gome, lilikuwa pale:
fundo, ukubwa wa kitovu cha mtoto,
shubiri mbili kutoka kishikioni, mkono wa juu.
Mkole wenyewe niliukata Magu, mwezi wa saba,
maji ya mti yakiwa yamerudi chini.
Ukaja mjini juu ya lori la dengu,
ukakaa miezi minane juu ya meko ya Kwandu
ukinywa moshi wa dagaa na siri za nyumba.
Miezi minane, na haukuniambia.

Luhende amekwisha kulipa nusu.
Ni mlinzi wa zamu kwao Kayenze, anataka upinde
"ulionyooka kama ahadi."
Nilimtazama. Nikamwandikia risiti.

Wa kwanza niliuvunja kwa kiburi.
Nao ulikuwa na fundo, dogo kuliko hili,
nikalipiga randa hadi likawa sawa na mgongo,
laini, unapitisha kiganja hukuti kitu.
Mteja angependa.
Nyuzi za mti hazikupenda: nilizikata
kabla hazijamaliza kusema.
Mvuto wa tatu, ukalia ta!
ukanipiga chini ya jicho. Kovu lake hili hapa.
Kwandu alikiokota kipande kirefu, akakifanya mwiko.

Ufa nao una tabia zake.
Ule wa nchani, ulioletwa na jua, naukata, nausahau.
Ule unaotembea pamoja na nyuzi naufunga kwa kano za ng'ombe
kutoka bucha ya Mlango Mmoja, mbichi, zikaukie hapo hapo.
Ule unaokatiza nyuzi unakwenda jikoni. Siuombolezi.
Wahenga walisema ufa uzibwe;
wahenga walikuwa wanazungumzia ukuta.
Gundi kwenye upinde ni uongo unaosubiri siku.
Na vitobo vya fukusi, hivyo napima kwa mwiba:
ukizama kupita ukucha, namwomba mti radhi,
natafuta mwingine.

Lakini fundo.

Nyumba yetu huku Mabatini ina jiwe ndani.
Si uani. Ndani, limeingia hadi chumbani
kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili.
Fundi Ndalahwa alipotujengea aliligonga kwa nyundo,
akasikiliza, akatema mate pembeni,
akaanza kuupinda ukuta.
"Hili lilitangulia," alisema,
akatudai matofali kumi na tisa zaidi.
Watoto wakiwa na homa hulilalia. Linapoza vizuri.

Asubuhi ile sikugusa randa.
Nilichukua kipande cha chupa nikakwangua kando kando,
nikauacha mti uvimbe kidogo pale,
nyuzi zilizunguke fundo zinavyotaka,
kama maji yanavyoyapita majabali ukielekea kivuko cha Kamanga:
hayagombi, wala hayasimami.
Navuta kidogo. Nakwangua. Navuta.
Chenga za mkole miguuni, nyepesi kama magamba ya sato.
Ukatoka na nundu, na kiwiko kidogo;
ukiuchungulia kutoka nchani unaona nyoka
aliyelala usingizi mbaya.
Ila upote ulipita pale pale, katikati ya kishikio.

Luhende alikuja Jumamosi.
Akaweka dole gumba juu ya nundu.
"Hapa pana jipu."
Nikasema, vuta.
Akavuta hadi sikioni, nami nikafumba jicho,
lile la kovu.
Upote uliimba mara moja tu.
Mbuzi wa jirani akaacha kutafuna.

Alitaka nimpunguzie elfu tatu kwa ajili ya jipu.
Nikampunguzia elfu moja.

Tangu hapo, usiku, bati likilia kwa baridi
au kuni ikipasuka mekoni,
naamka nikidhani ni Kayenze,
mkono wa juu, shubiri mbili.
"Lala," Kwandu huniambia, bila kufumbua macho.
Naweka kiganja kwenye jiwe.
Bado lina joto la mchana.