Kaza Kidogo

Bwana Imrie alikuja Jumanne, mvua ya Dundee ingali mabegani,
fundi wa plasta, miaka thelathini na mmoja akitazama dari za watu,
shingo imekakamaa kama kamba ya kisima.
Akalala kifudifudi. Akacheka ndani ya tundu la kitanda:
"Kaza kidogo."
Nikakaza.
"Bado."

Nikatia kiwiko.

Hapo, kati ya sikio na bega, pembeni,
palipo laini, pasipo na mfupa wa kumkinga mtu na mwenzake,
alishtuka. Umeme, alisema, mpaka begani.
Nami nikamjibu kwa sauti yangu ya kazi, ile tamu:
"Ndiyo inafunguka hiyo."

Inafunguka!

Wiki tatu. Akarudi bila miadi,
bega la kulia limeshuka
kama koti lililoning'inizwa kwa msumari mmoja,
na mgongoni kombe la bega limechomoza, bawa lisilojua kuruka.
Hospitali wamemchoma sindano, wameusikiliza msuli.
Msuli haujibu.
Karatasi yake nimeisoma mara mbili:
neva, uzi mwembamba, unapita juujuu,
ngozi tu ndiyo mlango wake.
Huenda itapona. Huenda ni miezi. Huenda.
Sisi twauita mshipa wa fahamu.
Nimelitamka jina hilo tangu utotoni, wala sikufahamu.

Hakuja kugomba. Laiti angegomba.
"Ni mimi niliyekwambia ukaze," alisema,
na cheti changu ukutani, katika fremu yake ya dhahabu bandia,
kikanitazama. Mimi nikatazama soksi zangu.

(Siku hizi mteja akisema kaza, mkono wangu
hupapita pale pembeni kwa shingo upande,
kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa.)

Koti lake nililitundika mimi, nikalitungua mimi.
Nikamvisha: mkono mgonjwa kwanza, kisha mzima,
hadi kifungo cha juu, kama mtoto wa shule.
Mlangoni akasimama, akainua macho,
macho bado yanafika,
akautazama ufa wa dari yangu
aliosema siku ile kwamba atakuja kuuziba, bure, siku yoyote.

Iko methali ya ufa. Mnaijua.
Sikuisema.