Maji Lita Moja

Kunywa maji lita moja, alisema Jerotich wa kaunta,
na usiende msalani mpaka tukuite.
Nikanywa. Maji ya mtungi, shilingi ishirini, ya pale Kayole,
niliyoyatia kwenye chupa iliyokuwa ya soda.
Kisha ndipo nikauliza bei.

Elfu tatu na mia nne.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule.
Mteja akisema sketi ni ghali, namfungulia pindo:
hiki kitambaa, mita moja na robo,
hii zipu, huu uzi,
haya marinda kumi na sita nimeyapiga pasi moja moja,
na mwisho, mama, haya macho yangu.
Hapo sauti hushuka, mkoba hufunguka.
Basi nami nikamwambia Jerotich: nifungulie pindo.

Alicheka. Akaona sicheki.
Akageuza karatasi ya miadi upande mweupe, akaandika:
mashine, elfu mbili, maana ni ya mkopo
na mwenye mkopo haumwi tumbo;
jeli na karatasi za kujipangusia, mia moja;
picha ya kuchapwa, mia tano;
daktari wa kuisoma, mia nane.
Akaipigia jumla mstari mara mbili, kama mwalimu.

Na bima?
Akatazama kioo cha tarakilishi.
Bima yako, dada, imelala tangu Machi.
Machi. Mwezi niliolipa karo ya Nyanchama.

Kwenye simu nilikuwa na elfu moja, mia tisa na sitini.
Nikasema: picha usichape.
Kinachokaa chini ya kitovu tangu Pasaka
sitaki kukitundika ukutani.
Nikamwandikia Mama Kerubo: zile sketi mbili
watoto wanazitembeza, bado hazijalipiwa.
Nikaketi kungoja.

Kibofu hakijui kuwa pesa hazijafika.
Benchi zima tulikuwa tumebana mapaja,
wanawake watano na mzee mmoja wa figo,
hakuna aliyethubutu kukohoa.
Mlango ukifunguliwa tunainua nyuso pamoja.
Ukifungwa, kila mmoja anarudi kwenye maji yake.

Simu ikatetemeka: mia tisa.
Si shukrani, si samahani, mia tisa tu.
Nikahesabu. Arobaini zimepungua.
Nipakeni jeli kidogo, nikasema.
Jerotich akanitazama kitambo,
akakata ile mia moja, akaandika juu yake: sitini.

Baridi.
Mutinda wa mashine anatembeza kile kifaa tumboni
kama chaki ya fundi juu ya kitambaa
kabla hajaamua pa kukatia.
Kwenye kioo, mvua ya kijivu. Natafuta umbo, sioni.
Yeye anaona. Anaweka kitone hapa, kitone pale,
anavuta mstari kati yake:
sentimita nne nukta moja.

Sentimita nazijua.
Nne na kitu ni mkanda wa kiuno
wa sketi ya mtoto wa darasa la tatu.
Ni nini? nikauliza.
Daktari atakuambia, akasema kwa upole.
Kumbe ndiyo ile mia nane.

Daktari alisoma dakika tatu.
Uvimbe. Si wa kukunyima usingizi, alisema,
ila tuutazame tena baada ya miezi sita.
Miezi sita, nikapiga hesabu palepale,
ni sketi saba, zikilipwa.
Nilitaka kumuuliza kama utakaa umelala, kama bima,
lakini maji yalikuwa yamefika mwisho wa subira,
na choo cha kliniki kimefungwa, bomba limekauka.

Nikashuka ngazi mbilimbili,
nikapita duka la vipuri, nikazunguka nyuma,
nikapapasa mfuko wa sketi
hadi nikaigusa, katikati ya vifungo, sarafu niliyoisahau.

Shilingi kumi, akasema kijana wa mlangoni.

Hiyo sikuiomba ifunguliwe pindo.