Kidonge cha Saa Tatu

Kopo nimelijaza pamba lisilie kayamba
nikipita Ng'ambo na masikio yake.
Saa tatu usiku nafungua.
Kimoja. Maji ya mtungi. Basi.

Zamani kilikuwa kiganja kizima,
vya asubuhi, vya jioni, na ndoto
za watu wanaopiga kelele ndani ya mabehewa.

Nyamizi wa kliniki alinichorea nyuma ya kadi:
"Ni dawa tatu hizi, Mama Mihambo, zimeungana.
Kama stesheni yetu: reli ya Mwanza,
ya Kigoma, ya Dar. Zote tatu tumezifunga;
kirusi kikate tiketi ya wapi?"
Nikacheka. Foleni nzima ikageuka.

Msonde wangu alikuwa mpanga mabehewa.
Enzi zake dawa zilikuwa za kusikia redioni;
tukamchemshia mizizi, tukamlambisha asali ya Sikonge
mpaka ulimi ukakataa.
Filimbi yake ninayo. Imeshika kutu, sijaipuliza.

Treni ya Kigoma huchelewa, pengine hulala Kaliua.
Mimi sichelewi.

Jana kipimo kimerudi. "Havionekani," kasema Nyamizi,
"ila usije ukaacha: havionekani, si kwamba havimo."
Akataka kunifafanulia.
Nikamwambia, mwanangu, hilo nalijua,
nina mtu wa hivyo mwaka wa ishirini na mbili huu:
kila saa tatu namsogezea kigoda.