Zawadi ya Alhamisi

Kadi yangu ya ukaazi ina picha, jicho moja limefumba,
na neno moja la kunieleza: mwanafunzi.
Karani wa chuo, pale Ibra, alinisomea masharti
taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji:
kusoma, ndiyo. Kazi ya ujira, hapana.
Nikauliza: na njaa je, imeandikwa wapi?
La, sikuuliza. Nilisema shukrani, nikatia sahihi.

Posho ya ufadhili imekwama tangu Machi.
Ofisi ya nyumbani inasema imetuma,
benki ya huku inasema haijaona kitu.
Katikati nipo mimi na riale nne,
na mtihani wa hesabu Jumapili.

Ngwali, wa Wete, alipata kuosha magari usiku
nyuma ya kituo cha mafuta.
Wiki ya kwanza alilipwa. Ya pili, ya tatu,
mwenye kazi akamwambia: nenda kanishtaki.
Anajua.
Asiyeruhusiwa kutoka jasho
atalidai wapi?

Mimi nilipata kwa Bi Thuwaiba.
Aliondoka Chake ana miaka kumi na mmoja,
na Kiswahili chake kimebaki na umri huohuo:
kinacheka ovyo, kinanuna, kinataka hadithi.
Namsomea ujumbe wa wajukuu, nampangia vidonge vya sukari,
namsugua magoti mpaka adhana ya magharibi.
Saa mbili, mara nne kwa wiki.
Alhamisi ananitia noti kiganjani,
anavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.
"Si mshahara huu, mwanangu. Zawadi.
Zawadi haina sheria."

Kweli haina.
Wiki aliyokwenda Salala kwa mwanawe
zawadi ilisafiri naye.
Wiki niliyolala na homa
haikuja kunijulia hali.
Nampenda, Mungu anajua,
lakini kila Alhamisi shingo yangu
inainama kidogo kuliko ilivyoinama juzi.

Jumapili, swali la tatu:
*Mfanyakazi analipwa riale mbili kwa saa.
Akifanya saa nane, atapata kiasi gani?*
Nikaandika kumi na sita, nikapigia mstari.
Mwalimu alinipa alama zote.
Mfukoni nilikuwa na tano,
bado zimekunjwa kwa umbo la kiganja.